Kuifufua Honda CG125 Iliyolala Miaka Mingi na Kuiandaa kwa Safari ya Dar hadi Mbeya

Pikipiki iliyokaa kibandani miaka saba au kumi haijachakazwa na barabara, imechakazwa na kukaa. Ndiyo maana sevisi ya kawaida haiitoshi. Pistoni na gia mara nyingi ni wazima kabisa. Kilichokufa ni petroli, mpira, na kila mahali ambapo chuma kilikutana na unyevu. Fundi akiimwagia petroli mpya, akaipiga kiki hadi ikanguruma, halafu akakwambia "tayari bosi", ujue kazi ndiyo kwanza inaanza. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi, pamoja na mlima Kitonga, na malori yanayokwenda Tunduma hayatakusubiri.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata Honda CG125 ya zamani, kwa kuwa ndiyo rahisi kuifufua. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi na sevisi ni ya kubahatisha: silinda moja, inapozwa na upepo, na valvu zake zinasukumwa na pushirodi (vijiti vya chuma), haina cheni ya taimingi ya kulegea. Baadaye viwanda vya China viliuiga muundo wa injini hiyo, na pikipiki nyingi za bodaboda zimeurithi. Kwa hiyo spea zinazoingiliana utazikuta karibu kila mji wenye kijiwe cha boda. Kama yako ni Honda XL, Yamaha AG100 au Yamaha DT, mpangilio wa kazi ni uleule, vipimo tu ndivyo vya kutafuta kwenye kitabu chake. Kumbuka DT na AG100 ni za mipigo miwili na zina tanki lake la oili. Hizo pampu ya oili ikaguliwe kabla ya jambo lolote.

Jipe wiki tatu au nne za jioni na Jumamosi. Anayetaka kusafiri keshokutwa apande basi.

Kwanza: usiipige kiki

Hamu ya kuijaribu itakushika. Jizuie. Ndani ya silinda oili ilikwisha kushuka zamani, ringi zimekauka, na huenda kutu nyepesi imeota ukutani. Kiki moja ya nguvu inaweza kukwaruza silinda ambayo ilikuwa haina tatizo.

Itoe nje kwenye mwanga, ipige picha pande zote kabla hujafungua kitu (picha za nyaya zitakuokoa baadaye), kisha linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye kadi. Kama kadi bado ina jina la marehemu baba au la mwajiri aliyekuuzia, anza kubadilisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) sasa hivi. Hiyo huchukua muda kuliko kutengeneza kabureta.

Halafu tafuta wapangaji. Panya hupenda boksi la filta ya hewa, wanatafuna sponji na kujaza vitambaa. Nyigu wanaojenga kwa udongo huziba bomba la moshi na vile vimpira vidogo vya kupumulia vilivyo chini ya kabureta. Ingiza waya laini kila tundu, mulika tochi ndani. Pikipiki iliyokaa Tanga, Bagamoyo au Kigamboni ikaguliwe pia kwa kutu ya chumvi chini ya tanki, kwenye spoki na pale betri inapokaa.

Injini: ilainishe, iamshe polepole

Fungua plagi. Mimina vijiko viwili vya chai vya oili safi ya injini kwenye tundu lake, funika kwa kitambaa, iache ilale hadi kesho. Kesho yake weka gia ya juu kabisa, inua tairi la nyuma, na ulizungushe kwa mkono polepole, plagi ikiwa bado nje. Likizunguka laini, hongera. Likigoma, ongeza oili na usubiri siku kadhaa, ukijaribu kidogo kidogo. Usiivute kwa gari, wala usigonge kiki kwa nyundo. Ikikataa kabisa baada ya juma zima, silinda ifunguliwe. Kwa CG hiyo ni kazi ya nusu siku, si msiba.

Mwaga oili ya zamani. Chini ya injini, nyuma ya boliti kubwa la kumwagia, kuna chujio la wavu lenye springi. Lioshe kwa petroli na uangalie lilichokamata. Matope meusi ni kawaida. Chembe zinazong'aa za kutosha kushikika kwa vidole si kawaida. Weka oili mpya ya pikipiki, 20W-50 au 20W-40, chini kidogo ya lita moja, kisha pima kwa kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima. Kwenye Honda hizi kijiti kinakaa tu juu ya nyuzi wakati wa kupima, hakikazwi. Usitumie oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano, kwa sababu klachi ya pikipiki inaoga kwenye oili hiyohiyo na itaanza kuteleza mlimani.

Seti tapeti, yaani nafasi ya valvu, wakati injini iko baridi. Zungusha hadi alama ya T kwenye magneto ilingane na alama ya kifuniko, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Nafasi ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Mafundi wengi huipima kwa kutikisa na kusikiliza. Kwa safari ya mtaani inapita, lakini kwa siku nzima ya mzigo na jua nunua fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), si ghali. Valvu iliyobanwa mno haifungi sawasawa ikipata moto, na huungua taratibu bila kupiga kelele yoyote.

Sahani za klachi nazo huwa zimegandana. Ingiza gia ya pili, bana klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma hadi ziachiane.

Petroli, tanki na kabureta

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, tena si nyumbani bali Chalinze.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka kitu chenye harufu ya vanishi. Sehemu zake nyepesi zimepaa, zilizobaki zimekuwa gundi. Usiichanganye na mpya eti isipotee. Imwage yote, toa tanki, mulika ndani. Vumbi la kutu la rangi ya chungwa linasafishika: tia konzi mbili za kokoto ndogo zenye kingo au kipande cha cheni safi, na siki, tikisa kwa zamu, iache ilale siku moja au mbili. Kisha mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, suuza tena, kausha juani papo hapo, na zungushia petroli yenye oili kidogo ndani kabla kutu haijarudi. Inarudi kwa saa chache, hasa Pwani. Lakini ukibonyeza chini ya tanki kwa kidole na bati linabonyea, usipoteze siki. Tafuta tanki jingine.

Koki ya mafuta chini ya tanki ifunguliwe yote. Ina wavu wake, na ina njia mbili, ya kawaida na ya akiba. Ya akiba ndiyo huziba bila mtu kujua, kwa kuwa haitumiki hadi siku unapoihitaji porini. Badilisha mpira wa mafuta, weka filta ndogo ya plastiki katikati. Halafu angalia kifuniko cha tanki: kina tundu la kupumulia. Likiziba, injini itakwenda kilomita kumi au ishirini, izimike, upumzike kidogo, ufungue kifuniko kuangalia mafuta, iwake tena. Watu wamebadilisha koili na plagi kwa ugonjwa huo.

Kabureta shusha, fungua bakuli, toa jeti zote mbili na kiboya na sindano yake. Jeti ndogo ya silensa (ya mngurumo wa chini) ndiyo adui: tundu lake ni jembamba kama unywele na gundi ya petroli hulijaza kabisa. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, pulizia hewa ya kompresa, na ukilazimika kuchokonoa tumia uzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe si pini ya chuma, maana ukilipanua tundu umelibadilisha kipimo. Kabla ya kutoa skurubu ya hewa, ikaze polepole hadi ifike mwisho ukihesabu mizunguko, uandike mahali. Gasketi ya bakuli na sindano ya kiboya nunua mpya. Mpira au kiunganishi kati ya kabureta na injini ukiwa na ufa, hewa itaingia kwa njia ya wizi, mchanganyiko utakosa mafuta, na injini itachemka bila sababu inayoonekana.

Filta ya hewa ya sponji iliyokaa miaka hubomoka vidoleni kama keki kavu. Ibadilishe, usiioshe.

Umeme, kwa ufupi

CG za mwanzo ni volti 6 na cheche yake inatoka kwa pointi zinazofunga na kufunguka, za baadaye ni volti 12 na CDI, yaani cheche ya kielektroniki isiyo na pointi. Soma kwenye betri au glopu kabla hujaenda dukani. Pointi zisafishwe kwa msasa laini na ziachwe milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi ni D8EA, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7, nunua mbili. Betri mpya haina mjadala. Wapo wanaoendesha bila betri, na hao ndio wanaounguza glopu kila wiki. Safisha viungo vyote vya nyaya, hasa ule wa ardhi unaofungwa kwenye fremu, kwa kuwa nusu ya matatizo ya taa yako pale. Kwa ya volti 12, injini ikiwa katika mwendo wa kati, mita kwenye betri isome kama volti 13.5 hadi 14.5.

Mpira na breki: hapa usibane pesa

Tairi lenye kashata nzuri na ubavu wenye nyufa ni tairi lililokufa. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu baada ya herufi DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, litundikie watoto bembea. Nunua tairi mbili, tyubu mbili na utepe wa rimu, vyote kwa pamoja. Tyubu ya zamani ndani ya tairi jipya ni akiba ya elfu chache utakayoilipa njiani, ukifika Doma, jua likiwaka. Rimu zikiwa wazi, gonga kila spoki kwa spana: inayolia inafanya kazi, inayotoa sauti ya mbao imelegea. Zungusha beringi kwa kidole. Ukisikia mchanga, zing'oe.

Breki shuu zilizokaa kwenye unyevu zina hatari ambayo haionekani kwa unene. Bitana imegandishwa kwa gundi kwenye chuma, na gundi huachia baada ya miaka. Shuu inaweza kuonekana mpya, kisha bitana ikabanduka ndani ya ngoma na kufunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo shuu za zamani zote zitupwe, hata nene. Ngoma isuguliwe kwa msasa, kutu itoke. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Mhimili unaosukuma shuu utiwe grisi kidogo sana.

Waya wa klachi, wa eksileta na wa breki ya mbele: vipya vyote vitatu. Vya zamani ukitaka kuvihifadhi kama vya akiba, vitie oili uvifunge kwenye mfuko.

Inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu. Ukihisi unanasa kidogo pale katikati, beringi za shingo zimechimba vishimo na pikipiki itakuwa inayumba barabarani bila kukwambia kwa nini. Shokapu za mbele mwaga oili, weka mpya na sili mpya. Nguzo zake zikiwa na vidonda vya kutu, zing'arishwe au zibadilishwe, la sivyo sili mpya zitakatwa siku ya kwanza. Ndani ya habu ya nyuma kuna vipande vya mpira vinavyopokea mshtuko wa cheni. Vikiwa vimeliwa, gia zitapiga kelele mlimani.

Cheni na sproketi mbili hununuliwa kama seti. Cheni ni saizi 428. Ilegee sentimita moja hadi mbili katikati, halafu ikague tena mzigo ukiwa juu na wewe umekaa, kwa sababu nyuma ya pikipiki ikishuka kwa mzigo cheni hukaza. Iliyokazwa mno huua beringi ya gia.

Kuiwasha, na mazoezi kabla ya safari

Sasa ipige kiki. Kwanza plagi ikiwa nje, mara kadhaa polepole ili oili izunguke. Kisha rudisha plagi, vuta choki, washa. Moshi mwingi wa mwanzo ni ile oili uliyoimimina, uachie dakika tano. Ukiendelea kuwa wa bluu baada ya nusu saa ya kuendesha, ringi au sili za valvu zimechoka. Kwa safari unaweza kuvumilia moshi mdogo ukibeba oili. Moshi wa kuacha wingu nyuma yako usiuvumilie.

Siku ya kwanza zunguka mtaani tu. Rudi, kaza kila nati, angalia inavuja wapi. Siku nyingine nenda kilomita ishirini, rudi, kaza tena. Baada ya hapo badilisha oili hata kama bado inaonekana nzuri, maana hiyo ya kwanza imeosha uchafu wa miaka. Wengi huona ni ubadhirifu. Mimi naona ni lita moja ya bei nafuu kuliko zote utakazonunua.

Zoezi la mwisho liwe Dar hadi Bagamoyo na kurudi, zaidi ya kilomita 120, ukiwa na mzigo wote wa safari. Jaza tanki hadi shingoni, ukirudi jaza tena, gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Utajua lita moja inakupeleka wapi na akiba inadumu kiasi gani. Toa plagi uisome: rangi ya kahawia ni njema, nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi, nyeupe ni mafuta machache au hewa ya wizi, na hiyo nyeupe usisafiri nayo. Ikiwa kahawia nzuri hapa Pwani, itapiga weusi kidogo ukipanda hadi Iringa na Mbeya, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Usihangaike kubadilisha jeti kwa ajili hiyo.

Cha kubeba

Tyubu moja ya mbele na moja ya nyuma, vifaa vya viraka, vyuma viwili vya kubandulia tairi, pampu ya mkono. Plagi, waya wa klachi na wa eksileta, loki ya cheni, glopu, fyuzi, nusu lita ya oili, tepu ya umeme, waya wa kufungia, vipande vya mpira wa tyubu, na spana zinazofungua boliti za pikipiki yako hasa. Jaribu nyumbani: kama huwezi kutoa gurudumu la nyuma kwa vifaa vilivyo begini, begi halijakamilika. Pistoni na silinda usibebe, utavipata Morogoro au Mafinga. Mwambie muuza spea "CG", lakini chukua kifaa cha zamani mkononi ulinganishe, kwa kuwa nakala hutofautiana.

Mzigo mzito ukae chini na karibu na mgongo wako, si nyuma ya taa. Kadi, bima iliyo hai, leseni yenye daraja la pikipiki, vioo viwili na kofia ngumu. Angalia pia kama namba ya pikipiki ina deni la faini lililosahaulika. Trafiki ataliona kabla yako.

Barabarani

Gawanya siku tatu: Dar hadi Mikumi mjini, Mikumi hadi Iringa, Iringa hadi Mbeya. Ondoka alfajiri mwanga ukishatoka, uwe umelala kabla ya giza. Mwendo wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa unaitosha injini ya umri huo. Kila saa simama dakika kumi, shika habu kwa mkono: inayochoma ina breki inayobana au beringi inayokufa.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara ina vibao vya mwendo na matuta. Usisimame kupiga picha tembo, uko juu ya tairi mbili tu. Jaza mafuta Mikumi mjini, usingoje. Siku ya pili ndiyo fupi kwa makusudi, kwa sababu ya Kitonga. Baada ya Ruaha Mbuyuni punguza haraka, panda kwa gia ya pili au ya kwanza bila kuilazimisha injini, na acha malori yapite panapopitika. Ukifika juu iache injini ipumue kabla ya kuendelea Ilula. Vituo vya mafuta vya Iringa vilivyo rahisi kwako ni vya Ipogolo, chini, usipotaka kupanda mjini.

Mafinga hadi Makambako ni baridi na upepo wa ubavuni, mwezi Juni na Julai hasa. Vaa glavu. Vidole vilivyoganda havibani klachi kwa wakati. Kila jioni, injini ikiwa bado vuguvugu, tia oili cheni, pima oili kwa kijiti, kaza nati za ekseli, boliti za injini na za kabureta, bonyeza tairi.

Mbeya badilisha oili, kagua mvutano wa cheni na unene wa breki. Ukirudi utaiteremka Kitonga: ingia gia ya pili tangu juu, injini ikushikilie, breki za ngoma uziguse kwa vipindi, maana zikipata moto mfululizo hazishiki tena hadi zipoe.